Jiko Linaporudisha Moshi Ndani: Tafuta Kasoro Kabla ya Kulilaumu Jiko

Katika sharika nyingi za milimani miradi ya majiko banifu ya kuni imepokelewa vizuri. Akina mama wamefyatua matofali, vijana wamebeba udongo, mafundi wamefundishwa, na mabomba ya moshi yanaonekana juu ya mapaa. Kinachotajwa mara chache katika taarifa zetu ni hali ya majiko hayo mwaka mmoja au miwili baadaye. Ukipita kijijini utakuta kaya kadhaa ambako jiko limegeuzwa meza ya kuwekea ndoo, na mama anapika kwenye mafiga matatu nyuma ya nyumba. Ukiuliza sababu, jibu huwa fupi: "Lile jiko linajaza moshi."

Makala hii inaeleza kwa nini jiko lenye bomba hurudisha moshi ndani, namna ya kuitambua sababu, na namna ya kuiondoa. Mara nyingi sababu ni ndogo na inaweza kurekebishwa na wenye nyumba kwa kushirikiana na fundi wa kijiji. Ila kasoro hiyo ndogo ikiachwa, faida yote iliyotarajiwa hupotea, na sisi tunabaki kuhesabu majiko yasiyopika.

Kwa nini jambo hili ni zito

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulichangia vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa zaidi ya 237,000. Watoto wadogo huathirika kwa nimonia. Watu wazima hupata magonjwa ya mapafu, moyo, kiharusi na macho. Anayevuta moshi mwingi zaidi ni yule anayekaa karibu na moto, yaani mama, binti anayemsaidia na mtoto aliye mgongoni.

Tafiti mbili zinatufundisha kuhusu majiko yenye bomba. Ya kwanza ilifanyika katika milima ya magharibi mwa Guatemala kati ya mwaka 2002 na 2004, katika kaya 534. Nusu ya kaya zilijengewa majiko yenye bomba la moshi, na watafiti walizitembelea mara kwa mara na kuhakikisha majiko yanatengenezwa yanapoharibika. Kiwango cha hewa yenye sumu kilichowafikia watoto kilipungua kwa karibu nusu. Idadi ya watoto waliougua nimonia kwa jumla haikupungua kwa kiasi ambacho watafiti wangeweza kukithibitisha, lakini nimonia kali ilipungua kwa takribani theluthi moja.

Utafiti wa pili ulifanyika katika jimbo la Orissa, India, sasa Odisha. Miongoni mwa waliouongoza ni Esther Duflo, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Huko pia kaya zilipewa majiko yenye bomba, kisha zikafuatiliwa hadi miaka minne. Mwaka wa kwanza moshi uliovutwa na wapishi ulipungua. Baada ya hapo nafuu ilitoweka. Majiko yalipasuka, mabomba hayakusafishwa, watu hawakuyatengeneza, na taratibu wakaacha kuyatumia.

Tofauti ya habari hizi mbili haiko kwenye ujenzi peke yake. Iko kwenye matunzo baada ya ujenzi. Kwa hiyo mjumbe wa kamati anayejua kuchunguza bomba la moshi analinda afya ya familia sawasawa na fundi aliyelijenga.

Bomba la moshi hufanyaje kazi

Wengi hudhani kwamba moto ndio unaosukuma moshi hadi nje. Ukweli ni kwamba bomba ndilo linalovuta. Hewa ikipata joto hutanuka na kuwa nyepesi. Kwenye usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 15 ina uzito wa takribani kilo 1.2. Ikipashwa hadi nyuzi 150, hewa ya ujazo huohuo ina takribani kilo 0.8 tu. Hewa hiyo nyepesi ikiwa ndani ya bomba hupanda, na hewa nzito iliyo chumbani huingia mdomoni mwa jiko kuchukua nafasi yake. Hewa hiyo huchochea moto, moto hutoa joto jingine, na mwendo unaendelea. Huu ndio tunaouita mvuto wa bomba.

Kutokana na maelezo hayo tunapata kanuni nne. Kwanza, bomba likiwa na joto huvuta, likiwa baridi halivuti. Pili, bomba refu huvuta zaidi ya fupi, mradi moshi usipoe kabla ya kufika juu. Tatu, njia ya moshi ikiwa nyembamba au imeziba, mvuto hauwezi kusaidia. Nne, hewa haiwezi kutoka nyumbani kama hakuna hewa nyingine inayoingia.

Sisi wa milimani tuna jambo jingine la kuzingatia. Kwenye mwinuko wa mita 2,000, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Makete na Njombe, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano. Mvuto nao hupungua kwa kiasi hicho. Bomba fupi linalotosha Morogoro mjini huenda lisitoshe kwenye vijiji vinavyozunguka Kitulo. Zaidi ya hapo, kwa sababu ya baridi ya Juni na Julai watu hufunga madirisha na kuziba kila upenyo, wakati huohuo bomba lililo nje ya ukuta limepoa kabisa usiku kucha. Ndiyo maana malalamiko ya moshi huongezeka katika miezi ambayo jiko linahitajika zaidi.

Uliza kwanza: moshi unarudi lini?

Mjumbe anapofika kwenye kaya asianze kubomoa wala kutoa hukumu. Apige hodi, asalimie, kisha amwulize mpishi mwenyewe: "Mama, moshi huwa unarudi wakati gani?" Anayepika kila siku analijua jiko lake kuliko fundi. Jibu lake litaelekeza uchunguzi.

Akisema moshi hurudi asubuhi tu wakati wa kuwasha na baadaye hutulia, shida ni bomba baridi au namna ya kuwasha.

Akisema jiko lilikuwa zuri na limeharibika taratibu, shida ni masizi, majivu au nyufa.

Akisema hurudi siku za upepo tu, au upepo ukitoka upande fulani, shida ni kimo cha bomba, kofia yake au kitu kilicho jirani na paa.

Akisema hurudi mlango ukifungwa, nyumba inakosa hewa ya kuingia.

Akisema limekuwa hivyo tangu siku ya kwanza, hata moto ukiwa mkali na mlango ukiwa wazi, kasoro iko kwenye ujenzi: bomba ni fupi, jembamba, lina kona nyingi, au njia ya ndani ya jiko imebanwa.

Baada ya kusikiliza, fuata hatua zifuatazo kwa mpangilio. Zimepangwa kuanzia zile zisizo na gharama hadi zile zinazohitaji fundi na fedha. Usiruke hatua. Si vema kununua bomba jipya kabla ya kujua kama kuni ni kavu.

Hatua ya 1: Kuni na uwashaji

Kuni zilizokatwa karibuni zinaweza kuwa nusu yake maji kwa uzito. Joto la moto hutumika kuyachemsha maji hayo kwanza, moshi hutoka ukiwa baridi na mzito, na bomba halipati joto la kuvuta. Kuni zilizokauka vizuri huwa na maji chini ya asilimia 20. Utazitambua kwa nyufa kwenye ncha, gome linalobanduka na mlio mkavu zikigonganishwa. Kuni za miwati, mikaratusi au mipaina zipasuliwe mapema, zipangwe juu ya mawe au magogo ili zisiguse ardhi, zifunikwe juu na kuachwa wazi pembeni upepo upite. Katika maeneo ya ukungu zinahitaji miezi sita au zaidi. Kaya inayokata kuni leo kwa ajili ya kupikia kesho itakuwa na moshi hata ikipewa jiko la aina gani.

Kuhusu kuwasha, anza na moto mdogo wenye mwali. Magunzi makavu, maganda ya mahindi na vijiti vyembamba vinafaa. Usijaze mdomo wa jiko kwa magogo, kwa sababu hewa inapita kwenye mdomo huohuo. Kama bomba ni baridi sana, fungua tundu la kusafishia lililo chini ya bomba, choma hapo karatasi au nyasi kavu kwa dakika moja, kisha lifunge na uwashe jiko. Mwali huo hupasha hewa baridi iliyokaa ndani ya bomba na kuanzisha mvuto. Wapishi wengi wakishaonyeshwa jambo hili mara moja, shida ya asubuhi huisha.

Hatua ya 2: Hewa ya kuingia

Moto ukiwa unawaka na moshi unarudi, fungua mlango au dirisha kwa dakika tano. Moshi ukikoma, umepata sababu. Nyumba imezibwa mno. Tiba yake ni kuacha upenyo wa kudumu, kwa mfano tundu chini ya mlango au tofali lenye matundu kwenye ukuta ulio karibu na jiko. Wenye nyumba huogopa baridi, na hofu hiyo ina msingi. Waelezwe kwamba upenyo ukiwekwa chini, karibu na mdomo wa jiko, hewa inayoingia huelekea motoni kabla ya kusambaa chumbani.

Hatua ya 3: Masizi na majivu

Zima moto, acha jiko lipoe kabisa, halafu ondoa majivu yote chini ya kuni na kwenye njia inayopita chini ya sufuria ya pili. Majivu hujikusanya mahali hapo bila kuonekana, hadi njia ya moshi inakuwa na upana wa vidole viwili.

Kisha angalia bomba. Bomba la inchi 4 lina kipenyo cha sentimita 10. Masizi yakishika unene wa sentimita 1 pande zote, kinachobaki ni sentimita 8. Upungufu huo huonekana mdogo, lakini zaidi ya theluthi moja ya njia ya moshi imekwisha kupotea. Kwa kusafisha, funga jiwe dogo kwenye kamba, juu yake funga fungu la katani ngumu au waya uliokunjwa lenye upana unaokaribia ule wa bomba, uliteremshe kutoka juu na kulivuta mara kadhaa. Anayepanda juu ya paa atumie ngazi imara inayoshikiliwa na mwenzake. Aliye chini afunike pua na mdomo kwa kitambaa, na masizi yapokelewe kwenye tundu la kusafishia.

Kwa kaya inayopika kila siku, bomba likaguliwe kila mwezi na kusafishwa masizi yanapofikia nusu sentimita. Ukikuta utando mweusi unaong'aa na kunata kama lami, ujue kaya inachoma kuni mbichi. Rudi hatua ya 1.

Hatua ya 4: Hewa inayoingia mahali pasipotakiwa

Mvuto hupungua bomba linapovuta hewa baridi kupitia nyufa. Washa moto, chukua kijiti kinachofuka moshi, ukipitishe taratibu kwenye maungio ya bomba, kwenye kuta za jiko na kuzunguka sufuria. Pale moshi wa kijiti unaponyonywa ndani, pana ufa. Nyufa ndogo zizibwe kwa mchanganyiko uleule wa udongo na mchanga uliojengea jiko, baada ya kulowesha kidogo sehemu hiyo. Usitumie saruji tupu karibu na moto, kwani hupasuka kwa joto.

Angalia pia tundu la sufuria ya pili. Wapishi wengi hupika kwa sufuria moja na kuliacha tundu la pili wazi. Hapo moshi hutokea kwenye tundu, au hewa baridi huingia na kulipoza bomba. Kila jiko lenye matundu mawili linapaswa kuwa na mfuniko wa bati zito au wa udongo uliochomwa. Kama sufuria ni ndogo kuliko tundu, itengenezwe pete ya kuziba nafasi. Mama akibadilisha sufuria baada ya jiko kujengwa, jambo hili hutokea bila yeye kujua chanzo.

Hatua ya 5: Bomba lenyewe

Hapa fundi anahitajika. Apime mambo manne.

Kimo: bomba lipite juu ya paa angalau sentimita 90 kutoka pale linapotokeza, na liwe juu zaidi kwa sentimita 60 kuliko sehemu yoyote ya paa iliyo ndani ya mita 3. Bomba linaloishia chini ya mgongo wa paa hupigwa na upepo unaoshuka kutoka mgongoni.

Upana: kwa jiko la kaya lenye matundu mawili, inchi 4 ni ya kawaida, na isipungue hapo. Jiko la shule au la hosteli lenye mdomo mkubwa huhitaji inchi 6 au zaidi. Bomba la inchi 6 lina njia kubwa zaidi ya mara mbili ya lile la inchi 4. Hata hivyo, bomba pana kupita kiasi kwa jiko dogo nalo si zuri, kwa sababu moshi hupanda polepole na kupoa njiani.

Kona: kila kona hupunguza mwendo wa moshi na kukusanya masizi. Bora bomba linyooke. Kona zikilazimika, zisizidi mbili, na ziwe za kulala badala ya zile za pembe mraba. Sehemu inayolala ipande kuelekea nje angalau sentimita 2 kwa kila mita, na iwe fupi.

Maungio: kipande cha juu kiingie ndani ya kile cha chini, ili unyevu unaoteremka ubaki ndani ya bomba badala ya kuchuruzika ukutani. Mabomba yaliyokunjwa kwa bati jembamba la kuezekea hutobolewa na kutu mapema. Fundi ayagongegonge kwa kidole na kuangalia mwanga ukipenya.

Bomba la matofali lililojengwa ndani ya nyumba hutunza joto kuliko bomba la bati lililo nje ya ukuta. Kwa nyumba mpya katika maeneo ya baridi, ni vizuri fundi na familia walijadili hili kabla ya kuanza.

Hatua ya 6: Upepo na kofia

Kofia huzuia mvua na kupunguza upepo unaosukuma moshi chini. Ikikaa chini sana inakuwa kizibo. Nafasi kati ya kofia na mdomo wa bomba isipungue nusu ya upana wa bomba, yaani sentimita 5 kwa bomba la inchi 4. Angalia kama ndege wamejenga kiota chini yake. Kama moshi hurudi upepo ukitoka upande mmoja tu, tazama kilichopo upande huo: mti uliokua, ghala jipya au kilima. Mara nyingine kuongeza kipande cha bomba cha nusu mita hutosha. Mahali pengine fundi bati hulazimika kuweka kichwa chenye umbo la herufi T, kinachotoa moshi kwa pande mbili.

Mambo ya hatari yanayopaswa kukatazwa

Kuna namna za kukabiliana na moshi au baridi ambazo zimeua watu, na kamati isione haya kuzizungumzia.

Usizibe bomba usiku ili kutunza joto wakati makaa bado mekundu. Makaa hayo hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito kwa watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja. Zikitokea, wote watoke nje mara moja na kwenda kituo cha afya. Kwa sababu hiyohiyo, jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala, hata kama mkaa hauonyeshi moshi.

Usiunganishe majiko mawili kwenye bomba moja. Lisilowashwa huingiza hewa baridi, na moshi wa jingine unaweza kutokea kwake.

Usipitishe bomba la bati karibu na nyasi, mbao au dari. Liwe mbali kwa angalau sentimita 45, au fundi aweke kinga isiyoungua. Kwenye nyumba ya nyasi ni salama zaidi kutoa bomba kupitia ukuta na kulisimamisha mbali na paa.

Masizi yakishika moto, bomba hunguruma na cheche huruka juu. Hapo watoe watu nje, ziba mdomo wa jiko na tundu la kusafishia kwa udongo au majivu ili kukata hewa, na ita majirani walilinde paa. Usimwage maji ndani ya bomba, kwa kuwa mvuke na kupoa kwa ghafla huweza kulipasua. Jiko lisiwashwe tena hadi fundi alikague.

Kazi ya kamati ya usharika

Tunapendekeza kila kamati ya maendeleo iwe na daftari la majiko, kwa mitaa yake yote, likionyesha jina la kaya, fundi aliyejenga na mwezi wa kukamilika. Ziara zifanyike baada ya mwezi mmoja, miezi sita na mwaka mmoja, na moja ya ziara hizo iangukie wakati wa baridi. Mjumbe afike saa ya kupika, aone jiko likiwaka. Jiko lililofagiliwa kwa ajili ya wageni halisemi kitu.

Katika kila ziara maswali matano yanatosha:

1. Je, jiko limetumika leo?
2. Je, moshi hurudi, na ni wakati gani?
3. Bomba lilisafishwa lini, na nani alisafisha?
4. Kuni zinahifadhiwa wapi?
5. Je, kaya inapika pia kwenye mafiga, na kwa nini?

Swali la tano liulizwe kwa upole. Huenda sufuria ya kande haiingii kwenye tundu, au bibi anahitaji kuota moto jioni. Sababu hizo ni za kweli na zina majibu, lakini hakuna atakayezisema akidhani anakaguliwa ili anyang'anywe jiko au aaibishwe.

Kila mtaa uwe na angalau watu wawili waliofundishwa kusafisha na kuziba nyufa, na inafaa mmoja wao awe mama anayelitumia jiko hilo. Kamba, brashi na ngazi vinaweza kuwa mali ya mtaa na kuazimwa kwa zamu.

Kwa wafadhili na marafiki wa kazi hii

Tunaomba mpokee taarifa zenye tarakimu mbili: majiko yaliyojengwa, na majiko yanayotumika bila kurudisha moshi baada ya mwaka mmoja. Tarakimu ya pili itakuwa ndogo kuliko ya kwanza. Usharika unaoiandika bila kuficha unastahili kuaminiwa zaidi. Tunaomba pia bajeti za majiko ziwe na fungu la ziara, mabomba ya kubadilisha na mafunzo ya marudio. Ni afadhali kujenga majiko machache yanayofuatiliwa kuliko mengi yatakayoachwa.

Tunafahamu kwamba Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwezi Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Tunauunga mkono. Jiko la kuni, hata likiwa na bomba zuri, hupeleka moshi nje ya nyumba bila kuumaliza, na kaya inayoweza kumudu gesi au umeme ihimizwe kufanya hivyo. Lakini kwenye vijiji ambako kuni zinaokotwa shambani na nyumba zinahitaji joto, jiko la kuni litaendelea kuwepo kwa miaka kadhaa. Kwa muda wote huo kuna watoto watakaokua kando yake.

Kwa hiyo, wajumbe wapendwa, kabla ya kikao kijacho kila mmoja achague kaya tatu zilizojengewa jiko zaidi ya mwaka mmoja uliopita, azitembelee saa ya kupika, na alete kikaoni majibu ya maswali yale matano. Kaya itakayokutwa na moshi isaidiwe wiki hiyohiyo, kwa kuanzia hatua ya 1.